Steki kwenye grili ya peleti, kwa nyama ya bucha la Tanga

Grili ya peleti ni oveni. Ukilikubali hilo mapema, nusu ya malalamiko juu ya mashine hii yanakwisha: steki imetoka ya kijivu, haina ganda, ina ladha ya nyama iliyochemshwa. Ndivyo ilivyoundwa. Chini kuna kikombe kidogo cha chuma ambamo peleti, yaani vijiti vifupi vya maranda ya mbao yaliyoshindiliwa, zinaungua. Juu ya kikombe limelazwa bati nene linalouzuia moto, juu ya bati kuna sinia la kukinga mafuta, halafu ndiyo unakuja wavu. Skrubu ndefu inavuta peleti kutoka kwenye tangi la pembeni na kuzidondosha kidogo kidogo, feni inapuliza, na kidhibiti kinasoma joto na kuamua skrubu izunguke kwa muda gani. Nyama inaiva kwa hewa ya moto inayozunguka. Ulimi wa moto wenyewe hauioni kamwe.

Joe Traeger wa Mount Angel, jimbo la Oregon, Marekani, aliibuni katikati ya miaka ya 1980, na hataza yake ilipomalizika mwaka 2006 kampuni nyingine zikamiminika. Leo zipo za kila umbo, ila nyingi bado zinagota kati ya nyuzi 230 na 260 za selsiasi. Joto hilo linatosha sana kuku mzima. Steki inataka zaidi, kwa sababu uso wa nyama ukiwa na maji hauwezi kupanda juu ya nyuzi 100 mpaka maji yakauke, na rangi ya kahawia yenye harufu ile inayomtoa jirani nje huanza kuja kwa kasi ikipita nyuzi 140 hivi. Hewa ya nyuzi 230 inakausha polepole mno. Ganda likija, ndani kumeshakuwa soli.

Kwa mtu wa Tanga dawa iko uani: jiko la mkaa. Gawanya kazi. Grili iivishe ndani taratibu na kutia moshi, jiko limalize nje kwa dakika mbili. Kuna watu wananunua sahani maalumu za kuchomea na vifuniko vya bei ya kutisha ili mashine ifanye kazi ambayo jiko la bati linaifanya vizuri zaidi.

Lakini mashine ndiyo sehemu rahisi. Steki nyingi za hapa zinaharibika kabla hazijafika kwenye wavu.

Nyama ya asubuhi

Ng'ombe wengi wanaoingia machinjioni kwetu ni wa kienyeji, wenye nundu, wamelishwa majani na wametembea sana. Ladha yao ni nzito na nzuri. Mafuta ndani ya msuli ni haba, na nyama yenyewe hukawia kulainika. Mnyama akishachinjwa, vimeng'enya vilivyomo ndani ya msuli huanza kuzikata nyuzi zake polepole, na jamii ya zebu, yaani hao wenye nundu, ina kiasi kikubwa zaidi cha kizuizi cha vimeng'enya hivyo. Kwa hiyo muda unaomtosha ng'ombe wa kizungu hautoshi kwa huyu wa kwetu.

Sasa tazama mzunguko wa bucha. Ng'ombe anachinjwa usiku, alfajiri nyama inaning'inia kwenye masoko ya Mgandini au Makorora, na mchana ndoano ziko tupu. Kwa supu na pilau hakuna neno, maana itachemka mpaka ikubali. Kwa steki ni balaa, kwa sababu msuli wa ng'ombe hukakamaa baada ya kuchinjwa na ukakamavu hufika kileleni kati ya saa 12 na 24. Ukiipika siku hiyohiyo unapika nyama ikiwa katika hali yake ngumu kuliko zote.

Kosa la pili ni friza. Nyama ikifika nyumbani ingali na joto la mwili, ukaitupa moja kwa moja kwenye barafu, nyuzi hujikunja kwa baridi kabla hazijamaliza kukakamaa, na ugumu huo hauondoki tena, hata kwa kuikomaza, yaani kuiacha siku kadhaa kwenye friji ilainike. Iache kwanza ipoe ndani ya friji ya kawaida mpaka kesho yake. Kugandisha kuje baadaye.

Baada ya hapo ikomaze. Pande zima la kilo mbili au tatu, likaushwe kwa tishu za jikoni, lilazwe juu ya wavu wenye sahani chini, rafu ya chini kabisa ya friji, kati ya nyuzi 1 na 4. Tumia kipimajoto kuhakikisha, kwa sababu friji inayofunguliwa kila mara na watoto wanaotafuta maji baridi inaweza kuwa nyuzi 9 na wewe hujui. Siku nne hadi tano zinaleta tofauti inayosikika kwenye meno. Uso utakauka na kuwa mwekundu wa giza. Hiyo ni sawa, utaupunguza kwa kisu. Ukiteleza kama sabuni au ukinuka uchachu, si sawa, usibahatishe. Na umeme ukikatika usiku kucha, pika mchuzi asubuhi. Nyama iliyowekewa nailoni na mashine ya kutoa hewa inaweza kukaa hadi siku 14 kwa joto hilo, na kwa nyama ya zebu hapo ndipo inapopendeza hasa.

Mkoa huu ni wa maziwa, na ng'ombe wa maziwa waliochoka nao huishia buchani. Mafuta yao mara nyingi ni ya manjano, na wateja wengi huyakimbia wakidhani ni nyama mbovu. Acha wakimbie. Pande la mgongo la ng'ombe wa namna hiyo lina mafuta zaidi, na likikomaa vizuri linampita ndama kwa utamu.

Buchani usiagize "steki" ukanyamaza. Utapewa vipande vya paja visivyo na mfupa, vya kukaanga na vitunguu. Sema unachotaka na uonyeshe kwa kidole: "Kaka, naomba pande la mgongo, kuanzia mbavu za nyuma kwenda kiunoni, usinikatie." Msisitizie pia atumie kisu atakapolitoa kwenye mfupa, maana shoka na gogo huacha vijiti vya mfupa ndani ya nyama. Angalia muhuri wa mkaguzi; nyama isiyo na muhuri usiihangaikie hata ikiwa na sura ya kupigwa picha. Fileti ni laini kuliko zote, lakini haina mafuta na haina mambo mengi ya kusema. Nyama ya mbavu, kati ya mbavu ya sita na ya kumi na mbili, ndiyo inayostahili moshi. Na ukiwa pale omba kipande cha nundu. Mafuta yake yayeyushe kwa moto mdogo uyaweke pembeni, yatakuja kufanya kazi.

Nyumbani kata steki zenye unene wa sentimita 4. Nyembamba kuliko 3 hazifai kwa njia hii, zitaiva ndani kabla hazijapata moshi wala ganda. Hizo zipeleke moja kwa moja kwenye mkaa.

Papai liache

Huku pwani mkono unakwenda wenyewe kwenye papai bichi. Kwa mishkaki ni sawa: vipande ni vidogo, moto ni mkali, dakika kumi kazi imekwisha. Kwenye grili ya peleti mambo yanageuka. Kimeng'enya cha papai huchangamka zaidi nyama ikipata joto, hasa kuanzia nyuzi 50 kwenda juu, na njia hii inaufanya uso wa steki ukae kwenye joto hilo kwa muda mrefu. Matokeo yake ni nyama yenye tabaka la uji nje na ugumu uleule ndani, maana papai halipenyi zaidi ya milimita chache. Na tabaka hilo la uji haliwezi kushika ganda, linashika wavu tu. Kama umeshapaka, osha, kausha, choma kwenye mkaa kama mshikaki.

Chumvi ndiyo inayofanya kazi ambayo watu wanaitafuta kwenye papai. Pima asilimia 1 ya uzito: steki ya gramu 500 inachukua gramu 5, chini kidogo ya kijiko cha chai kilichosawazishwa cha chumvi laini. Ya mawe ina nafasi wazi katikati ya chembe, kwa hiyo kijiko kilekile kinabeba uzito mdogo. Mizani ndogo ya jikoni inamaliza ubishi. Nyunyiza pande zote pamoja na ubavuni, rudisha kwenye wavu ndani ya friji bila kufunika, saa 12 hadi 24. Mwanzo chumvi huvuta maji nje, halafu maji hayo huyeyusha chumvi na kurudi nayo ndani, na uso unabaki mkavu. Kubaya zaidi ni kutia chumvi dakika 20 kabla ya kupika: maji yametoka na hayajarudi. Kama huna usiku mzima, tia chumvi sekunde za mwisho.

Pilipili manga, tangawizi na kitunguu saumu huungua kwenye mkaa na kuwa vichungu. Viweke mwishoni, kwenye mafuta ya kupakia.

Peleti, unyevu wa hewani na umeme

Peleti ni maranda yaliyoshindiliwa bila gundi, kipenyo milimita 6 hivi, na zinatakiwa ziwe na unyevu chini ya asilimia 10. Tanga haina habari na hilo. Mfuko ulioachwa wazi barazani wakati wa masika unanyonya hewa, peleti zinavimba na kurudi kuwa unga. Unga huo ukiingia kwenye skrubu unashindiliwa, ukikauka unakuwa kama saruji, na mota inanguruma bila kuzunguka. Dalili za mwanzo ni moshi mweupe mzito, joto linalopanda na kushuka bila sababu, na majivu mengi. Kipimo ni rahisi: vunja peleti kwa vidole. Njema inakatika kwa mlio mkavu na ngozi yake inang'aa. Mbovu inapinda, au inafumuka.

Weka peleti kwenye ndoo za plastiki zenye mfuniko unaobana, ndani ya nyumba, na kwenye tangi la mashine tia za siku hiyo tu. Steki haili peleti nyingi: kwenye joto la chini grili ya ukubwa wa kati inatumia nusu kilo kwa saa au zaidi kidogo, kwenye joto la juu inaweza kuzidi kilo moja. Usishawishike na maranda ya kiwandani. Msaji wa Longuza ni mbao nzuri ya milango, lakini una mafuta yake na vumbi lake huwasha ngozi. Si moshi wa kula. Mbao zilizotiwa dawa ya mchwa ndizo usiziguse kabisa. Ukitaka harufu ya nyumbani, kipande kikavu cha mpera au mwembe kiweke kwenye jiko la mkaa wakati wa kumalizia. Kwenye tangi isiingie kitu kingine chochote isipokuwa peleti.

Kuhusu umeme, soma kibandiko cha mashine kabla ya kuchomeka. Zilizotengenezwa kwa soko la Marekani ni za volti 120 na hezi 60 (mizunguko ya umeme kwa sekunde), na huku kwetu ni volti 230 na hezi 50. Transfoma ya kushusha umeme inatatua volti, hezi inabaki vilevile. Mota ya skrubu ikiwa ni ya aina ya zamani, ya umeme wa AC (ule wa ukutani), itazunguka polepole kwa sehemu moja ya sita, peleti zitaingia chache, na mashine haitafika joto iliyoahidi. Wengi hulaumu peleti, wakabadilisha kihisi joto, wakabadilisha bodi, na tatizo liko palepale. Zenye mota ya DC (umeme wa aina ya betri) hazisumbuki na hezi.

Wakati wa kuwasha, waya wa kuwashia hula wati 200 hadi 300 kwa dakika chache, kisha mashine nzima inaendeshwa kwa wati 50 au pungufu. Inveta ya wati 600 yenye wimbi safi na betri ya gari ya Ah 70 inatosha kabisa kwa jioni moja. Bila hiyo, umeme ukikatika feni inasimama, moto unazubaa kwenye kikombe, na unaweza kutambaa kinyumenyume kwenye skrubu kuelekea tangi. Zima swichi. Umeme ukirudi usiwashe papo hapo: subiri ipoe, toa wavu na bati, safisha kikombe, maana kimejaa peleti ambazo hazikuungua na zikishika zote kwa pamoja utaona kishindo cha moshi na moto usioutaka. Kila unapowasha, mfuniko uwe wazi mpaka uone moto umeshika.

Elekeza bomba la moshi upande usiopigwa na upepo. Raskazone na maeneo yote ya ufukweni kaskazi na kusi zinaingia kwa zamu, na upepo unaopuliza ndani ya bomba unavuruga joto kuliko mvua.

Kwenye wavu

Jaribu kwanza kipimajoto cha sindano. Kwenye maji yenye barafu nyingi kisome 0, kwenye maji yanayotokota kisome 100. Tanga mjini tuko usawa wa bahari, kwa hiyo 100 ni 100. Ukiwa Lushoto maji yanatokota kwenye 95 hivi, usije ukakitupa kipimajoto kizima.

Weka grili nyuzi 107 hadi 110. Hapo ndipo peleti zinapotoa moshi wa maana, na moshi hushika vizuri nyama ikiwa bado ya baridi, kwa hiyo itoe steki kwenye friji ipande moja kwa moja. Ule ushauri wa kuiacha mezani saa nzima ili "izoee" hauna faida kwa njia hii, na kwa joto letu una hatari. Sindano ipenye kutoka ubavuni mpaka katikati, isiguse mfupa wala mafuta. Usigeuze, usifungue kuchungulia. Steki ya sentimita 4 inachukua dakika 45 hadi saa moja na kidogo.

Swali la kuiva linahitaji msimamo. Picha za mitandaoni zinaonyesha steki nyekundu ndani, nyuzi 52 au 54. Kwa nyama ya bucha letu msimamo wetu ni nyuzi 63 katikati na kupumzika angalau dakika tatu. Tegu wa ng'ombe yupo, na vifuko vyake ndani ya msuli hufa nyama ikipita nyuzi 60. Anayetaka ya wekundu kwa lazima aigandishe kwanza, nyuzi 10 chini ya sifuri au baridi zaidi kwa siku 10, baada ya kuikomaza. Hiyo inaua tegu, bakteria haiwaui. Kwa upande mwingine, nyama hii isiyo na mafuta ikipita 68 inaanza kukauka waziwazi. Nafasi uliyonayo ni finyu, 63 hadi 66, na ndiyo maana kipimajoto si anasa. Babu ambaye hataki kuona hata dalili ya rangi ya waridi mpe kipande cha mbavu chenye mafuta ukifikishe 71, usimpe fileti.

Basi itoe kwenye grili ikisoma 55. Wakati huo jiko liwe limeshakolea: mkaa umefunikwa na majivu mepesi, mwekundu chini, na kiganja ukikiweka sentimita 10 juu yake huwezi kuhesabu zaidi ya mbili. Kama mkaa unatoa moshi bado haujaiva. Iache nyama itulie dakika tano hadi kumi, ipanguse ikauke kabisa, paka mafuta ya nundu au samli kwa safu nyembamba. Siagi haifai hapa, maziwa yaliyomo huungua mapema. Samli huvumilia mpaka karibu nyuzi 250.

Wavu uwe sentimita 5 juu ya mkaa. Sekunde 30, geuza. Sekunde 30, geuza. Kugeuza mara nyingi kunajenga ganda pande zote mbili bila joto kuzama sana ndani, na yule anayekuambia steki hugeuzwa mara moja tu anarithisha desturi. Simamisha pia ubavuni, kwenye ukanda wa mafuta, mpaka utoe mlio. Mafuta yakidondoka na moto ukaruka, sogeza nyama pembeni, kwa sababu masizi ya moto huo ni machungu. Asiyependa vishindo atumie kikaango kizito cha chapati juu ya mkaa uleule. Kinatoa ganda lililo sawa zaidi, ila harufu ya mkaa inapungua. Dakika mbili hadi tatu kwa jumla, sindano ikisoma 61 toa. Itapanda yenyewe mpaka 63 ikiwa juu ya ubao. Hakikisha imefika, isipofika, irudishe.

Iache nyama ipumzike dakika tano juu ya wavu, si kwenye sahani iliyofunikwa, mvuke utalilainisha ganda ulilolihangaikia. Pakia mafuta ya nundu yaliyokaangwa kitunguu saumu na pilipili manga. Kata vipande vya unene wa kidole, kinyume cha nyuzi; kwa zebu hilo pekee lina thamani ya siku mbili za friji. Mihogo ya kuchoma na kachumbari yenye ndimu nyingi vinatosha. Chachandu iwe pembeni, isimwagwe juu.

Kesho yake

Majivu yakijaa kwenye kikombe waya wa kuwashia unafunikwa na mashine inashindwa kuwaka. Yatoe kila baada ya mapishi matatu au manne, mashine ikiwa baridi kabisa, kwa brashi na kijiko. Kihisi joto ndani ya chumba kipanguse, kwa sababu kikishika masizi kinachelewa kusoma na joto linayumba. Ndoo ya mafuta imwage siku hiyohiyo, panya na sisimizi hawasubiri. Huku karibu na bahari vichwa vya boliti na kikombe ndivyo vinavyoliwa na kutu kwanza: pangusa nje kwa kitambaa chenye maji baridi kuondoa chumvi, kausha, paka mafuta ya kupikia kidogo kwenye wavu. Turubai lisibane mpaka chini, liache hewa ipite, la sivyo unafungia unyevu ndani. Na masika yakiingia, toa peleti zote kwenye tangi, halafu iendeshe skrubu mpaka idondoshe ya mwisho.